Katibu wa Afya wa halmashauri au Afisa Uchechemuzi wa asasi: kwa anayetaka kufanya kazi ya sera ya afya

Binti wa mama yangu mdogo amepata barua mbili ndani ya wiki moja, baada ya mwaka na nusu wa kujitolea huku na kule bila mshahara. Alisoma Mzumbe, usimamizi wa mifumo ya afya. Barua ya kwanza imetoka Sekretarieti ya Ajira: amepangiwa halmashauri ya wilaya, mbali na kwao, Katibu wa Afya Daraja la II. Ya pili imetoka asasi moja ya Dar es Salaam inayofuatilia bajeti ya afya na kuishawishi serikali: Afisa Uchechemuzi, yaani wa utetezi wa sera, mkataba wa miaka miwili. Alinipigia saa nne usiku. "Shikamoo dada. Nichague ipi?"

Nimezifanya zote mbili. Miaka sita nilikaa halmashauri, kanda ya magharibi, na sasa nina mwaka wa saba upande wa asasi. Nilimjibu mpaka salio likaisha, na kesho yake nikaona kuna mengi nimeyaruka. Nayaandika hapa kwa sababu hayuko peke yake. Kila mwaka vyuo vya MUHAS, Mzumbe, UDOM, Bugando na KCMC vinatoa vijana waliosoma afya ya jamii na mifumo yake, na wengi wanatoka chuoni wakidhani kuwa sera na utetezi ni kazi moja yenye majina mawili.

Jokofu la damu

Nianze na kitu kimoja kilichopita kwenye meza zangu zote mbili.

Kituo kimoja cha afya katika halmashauri yetu kilijengewa jengo la upasuaji. Meza ya upasuaji ilikuja ikiwa bado na nailoni, taa kubwa ikafungwa, akaletwa daktari, akaletwa na mtaalamu wa usingizi. Kilichokosekana ni jokofu la kuhifadhia damu. Maana yake mama akijifungua na kuanza kutoka damu nyingi, anapakiwa kwenye gari kwenda hospitali ya wilaya, kilomita 64 za vumbi, na masika za tope. Kwenye rejista ya wodi ya wazazi safu ya mwisho ilijaa neno moja kwa wino wa bluu: rufaa, rufaa, rufaa. Siku moja muuguzi wa zamu alinionyesha mstari ambao baada ya neno hilo paliandikwa saa ya kuondoka, na chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine, "amefariki njiani."

Kazi yangu haikuwa kutibu. Ilikuwa kuhakikisha jokofu linaingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, kwa sababu kisichoandikwa humo hakina kasma, yaani mstari wake wa fedha katika bajeti, na kisicho na kasma hakinunuliwi. Nikaandika dokezo sabili, yaani barua fupi ya ndani ya ofisi, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya (DMO). Ukurasa mmoja, kichwa kinaanza na YAH, aya zina namba, mwisho "Naomba kuwasilisha." Dokezo likapanda kwa Mkurugenzi Mtendaji, likarudi na maandishi ya kalamu pembeni: "DMO, ingiza kwenye mpango." Tukaingiza. Mwaka wa kwanza ukomo wa bajeti ulikuja chini ya tulivyotarajia, tukakata, na jokofu likakatwa, kwa sababu dawa na mafuta ya gari la wagonjwa havikatiki. Mwaka wa pili lilibaki, ila liliwekwa kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na mapato ya ndani hayakufikia lengo. Mwaka wa tatu nikahama.

Kwenye asasi nililikuta tatizo lilelile katika mikoa mingine, na safari hii nililishika kwa namna tofauti. Tuliomba kibali, barua ikapita TAMISEMI, wizara inayosimamia mikoa na halmashauri, mpaka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, tukazunguka vituo 11 na dodoso mkononi: kuna chumba cha upasuaji? Kuna damu? Kuna mtu wa kumwongezea mgonjwa damu? Tukaandika muhtasari wa sera wa kurasa mbili. Tukauweka mezani kwa madiwani, kisha tukaupeleka kwa wabunge wa maeneo hayo wakiwa nyumbani, kabla hawajaenda Dodoma. Mwenzangu mmoja alikwenda redio ya mkoa akasoma hali ya kila kituo, kituo kwa kituo. Halmashauri mbili ziliweka majokofu kwenye bajeti mwaka uliofuata. Mradi ukaisha Desemba, na kama yalinunuliwa yote au la hatukuwa tena na nauli ya kwenda kuangalia.

Lile jokofu la kituo changu cha kwanza lilinunuliwa, miaka miwili baada ya mimi kuondoka. Katibu wa Afya aliyekuja baada yangu alilikuta dokezo langu masijala, ndani ya faili lake, na namba yake ya folio, akalifufua mwaka ambao fedha zilikuwapo. Alinitumia picha kwa WhatsApp, jokofu jeupe limesimama juu ya kichanja cha mbao, bado na lebo.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu watu hudhani serikalini ndiko mambo yanakokwenda kufa na kwenye asasi ndiko yanakopewa uhai. Niliyoyaona mimi ni kinyume. Serikalini jambo likishaandikwa vizuri linaweza kulala miaka, lakini lipo, na anayekuja analikuta. Kwenye asasi jambo linakwenda haraka, linasikika, linagusa watu kumi kwa mpigo, halafu mradi unafungwa, kompyuta zinarudishwa, na kumbukumbu zinabaki kichwani mwa mtu aliyekwishapata kazi kwingine. Kama wewe ni mtu unayetaka kazi yako iendelee hata ukiondoka, lipime hilo kabla hujatazama mshahara.

Mwaka wa bajeti unakwendaje kila upande

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka karibu Novemba. Kuanzia Desemba mpaka Februari halmashauri zinafungiana vyumbani na kompyuta zao, PlanRep, mfumo wa kuandalia mipango na bajeti, ikiwa imefunguliwa, kila kituo kimeleta mpango wake. Aprili mpaka Juni ni Bunge la bajeti, Wizara ya Afya inasimama na bajeti yake, Fungu 52, TAMISEMI na yake, Fungu 56.

Ukiwa Katibu wa Afya, Januari utalala ofisini. Sisemi kwa kutia chumvi. Tulikuwa tunaleta mikeka. Vituo vinaleta mipango iliyoandikwa kwa mkono, wewe unaingiza, mfumo unakataa kwa sababu asilimia ya posho imezidi, unarudi, unakata, unaingiza tena. Ni kazi ya kuchosha na haina picha ya kupiga. Lakini ndipo uamuzi wenyewe unapofanyika. Nani apate choo, nani apate jokofu, zahanati ipi isubiri. Tangu 2017 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kwa hiyo na kamati ya usimamizi ya zahanati kijijini nayo ina sauti, na wewe ndiye unayekaa nayo chini ya mwembe kuielekeza jinsi ya kusoma taarifa ya benki. Saa hizo mbili za mwembeni zimenifunza fedha ya umma kuliko darasa lolote.

Kwenye asasi mwaka wako unaendeshwa na kalenda mbili zinazogombana: ya serikali na ya mfadhili. Mfadhili anataka ripoti ya robo mwaka Machi, wakati ambao ulitakiwa uwe mkoani. Ndiyo maana asasi nyingi huzinduka Mei, wanakodi ukumbi Dodoma, wanaita wabunge chakula cha jioni, wanagawa vipeperushi. Mei fedha zimeshagawanywa. Mbunge anaweza kusimama akasema maneno mazuri yakaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, na Fungu 52 likapita kama lilivyokuja. Nimekaa kwenye kumbi hizo nikaumia, maana nilijua kuwa shilingi tunayoidai ilikatwa Januari na mtu kama mimi wa zamani, aliyelala juu ya mkeka, ambaye hakuna aliyempelekea hata karatasi moja.

Asasi inayojua kazi inaanza mapema na inashika ahadi iliyoandikwa. Utepe Mweupe, asasi ya kutetea uzazi salama, walipoendesha kampeni ya "Wajibika Mama Aishi", hasa Rukwa, hawakudai huduma bora kwa maneno ya jumla. Serikali yenyewe ilikuwa imeweka lengo kwamba ifikapo 2015 nusu ya vituo vya afya viwe vinatoa huduma kamili za dharura za uzazi, yaani upasuaji na damu vikiwemo. Wakakagua vituo, wakaiuliza serikali kwa lengo lake yenyewe, wakadai huduma hiyo iwe na mstari wake katika bajeti za halmashauri. Unapodai kitu ambacho serikali imekwishakubali kwa maandishi, afisa aliyeko ndani naye anapata nguvu ya kukipigania, kwa sababu haonekani anabishana na bosi, anatekeleza.

Baada ya hapo, miaka ya 2017 na kuendelea, serikali ilijenga na kupandisha hadhi mamia ya vituo vya afya ili vifanye upasuaji. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104. Ndani ya tofauti ya namba hizo mna muuguzi, fundi ujenzi, Katibu wa Afya aliyelala ofisini na mwanaharakati aliyesoma majina ya vituo redioni. Siwezi kuwatenganisha, na sioni sababu ya kufanya hivyo.

Kusema na kunyamaza

Hapa ndipo wengi wanapokosea kuchagua, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Mtumishi wa umma hana sauti yake hadharani. Msemaji wa halmashauri ni Mkurugenzi. Utaona rejista kama ile niliyoiona, utatoka nje ya wodi, mwandishi wa habari atakuuliza hali ikoje, na utamwelekeza kwa Mkurugenzi. Unachojua utakiandika kwenye dokezo na kukisema kwenye kikao, kwa adabu, na ukishindwa utaandika tena mwaka ujao. Kwa mtu mwenye hasira ya haki hii ni kazi nzito. Mimi miaka minne ya kwanza niliiweza, ya tano ikanikaba, ya sita nikaanza kuugua vidonda vya tumbo.

Asasi inakupa sauti, lakini nayo ina mipaka yake na ni vizuri uijue kabla. Chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 na marekebisho yake, Msajili anaweza kukuhoji mnachofanya na fedha mnazopata. Kanuni za 2018 zinadai mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20 iwasilishwe. Takwimu nazo zina sheria yake: marekebisho ya 2018 ya Sheria ya Takwimu yalifanya kuchapisha namba zinazopingana na za serikali kuwa kosa, yakalegezwa 2019. Kwa hiyo ukizunguka vituo 11, hakikisha kibali kipo, dodoso limehifadhiwa, na Mganga Mkuu wa Mkoa ameiona ripoti kabla ya redio kuisoma. Baadhi ya wanaharakati wanaliona hilo kuwa ni woga. Mimi naona ni kazi iliyofanywa vizuri: mara mbili Mganga Mkuu wa Mkoa alitusahihisha makosa ambayo yangetuaibisha.

Kuna njia ya tatu ya kusema, nayo ni mahakama, na hapo wenzetu wa Kenya wako mbele. Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, inataja haki ya kiwango cha juu cha afya. Mwaka 2009 Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walikwenda mahakamani kupinga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008, kwa sababu jinsi ilivyoandikwa ingeweza kuzihesabu dawa halali za bei nafuu kuwa ni bandia. Aprili 2012 Mahakama Kuu, Jaji Mumbi Ngugi, iliwapa ushindi. Fikiria kama dawa zile zingekamatwa bandarini Mombasa. Huo ni utetezi uliozuia sheria isitumike dhidi ya dawa hizo, na ulianzishwa na watatu waliokuwa wanazimeza dawa zenyewe.

Lakini Kenya hiyohiyo inaonyesha kwamba bila watu imara ndani ya serikali utetezi haufiki mwisho. Sheria yao ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007. Kanuni zake zilitoka 2014: onyo la picha kwenye pakiti, mchango wa asilimia 2 kutoka kwa watengenezaji kwenda mfuko wa kudhibiti tumbaku, na mipaka kwa maafisa wa umma wanaokutana na wenye viwanda. Kampuni ya British American Tobacco Kenya ilikwenda mahakamani 2015. Ikashindwa Mahakama Kuu, ikashindwa Mahakama ya Rufani, ikafika Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 ikashindwa huko pia. Miaka 12 tangu sheria ipite. Mashirika ya utetezi yaliingia kwenye kesi, na wanasheria wa serikali walikuwa upande huohuo. Kuna watu walikaa wizarani muda wote huo, wakilinda faili moja kutoka kwa waziri hadi waziri, na majina yao hayamo kwenye magazeti.

Nilimwambia mdogo wangu jambo hili kwa uzito: wenye viwanda nao wana maafisa wa ushawishi, wenye suti nzuri na mishahara mizuri zaidi. Ukiwa serikalini watakuja ofisini kwako. Ukiwa kwenye asasi utawakuta wamekutangulia kwenye chumba cha kamati. Upande wowote utakaoukaa, utakutana nao, na utatakiwa ujue hoja zao kuliko wao wenyewe.

Fedha, pensheni na mambo ya nyumbani

Mshahara wangu wa kwanza wa asasi ulikuwa karibu mara mbili na nusu ya ule wa halmashauri. Hilo ni kubwa na sitalifanya dogo. Niliwasomesha wadogo zangu wawili kwa tofauti hiyo. Marejesho ya Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yanakatwa kotekote, kwa hiyo usiyaweke kwenye hesabu ya kuchagua.

Kinachotofautiana ni kesho. Serikalini unaajiriwa kwa masharti ya kudumu na pensheni. Ukithibitishwa baada ya kipindi cha majaribio, umetulia. Kwenye PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mwajiri anachangia asilimia 15 na wewe 5. Benki inakukopesha kwa barua ya utumishi. Kwenye asasi una NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, na mkataba wenye tarehe ya mwisho. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikafungwa rasmi, niliona wataalamu wa miaka 15 ya uzoefu wakirudisha kompyuta na kitambulisho siku ya Ijumaa. Sisi fedha zetu hazikutoka huko moja kwa moja, lakini mshirika tuliyekuwa tunafanya naye kazi alitegemea huko, na nusu ya timu ikaondoka. Mmoja alikuwa amejifungua wiki tatu kabla.

Kwa hiyo ukichukua asasi, ishi kwa mshahara wa halmashauri na tofauti uiweke. Mimi nilipokamilisha akiba ya miezi sita ya chakula na kodi ndipo nikapumua. Na usimdharau mwenzako wa serikalini anayehesabu posho ya kujikimu ya safari. Kwa wengi ndiyo ada ya shule.

Makazi ni suala ambalo vijana hulipuuza. Barua ya halmashauri inakupeleka inakotaka, na kuhama si rahisi: unatafuta wa kubadilishana naye, au unasubiri kibali. Kwa aliye na mchumba Dar, hilo ni jambo la kuzungumza sasa, kabla ya kuripoti. Asasi nyingi ziko Dar, Dodoma na Arusha. Anayetoka Zanzibar ajue kuwa afya si jambo la Muungano. Kule kuna Wizara yake na utumishi wake. Kwa Mkenya, tangu 2013 afya ni ya kaunti, 47 zote, na bunge la kaunti liko karibu kuliko lile la Nairobi, kwa hiyo utetezi wa ngazi ya chini una mlango mpana kuliko wetu.

Ninachomwambia

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilinifundisha jambo la mwisho. Muswada ulisomwa kwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukapitishwa Novemba 2023, na katikati hapo uliahirishwa. Kilichosumbua zaidi ni swali la fedha: wasio na uwezo watalipiwa na nini? Nilikuwa miongoni mwa waliotoa maoni. Wadau wengi walifika kamati wakisema maskini walindwe, na hakuna mtu chumbani aliyepinga. Waliosikilizwa zaidi, nikiwatazama nyuso wajumbe, ni wachache waliojua CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya hiari ya afya ya jamii, ilivyokuwa ikienda kijijini: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, nani anazikusanya, kaya ngapi hazirudi mwaka wa pili na kwa nini. Karibu wote hao walikuwa wamewahi kukaa halmashauri.

Ndiyo maana nimemshauri achukue barua ya serikali. Akae miaka mitatu mpaka mitano, apitie mizunguko ya bajeti isiyopungua mitatu, ajue dokezo linavyopanda na linavyokwama, ajue mweka hazina anaogopa nini mwisho wa Juni. Mwaka wa kwanza hatabadilisha kitu, nimemwambia wazi. Akija asasi baadaye, atakuja anajua mlango wa kugonga na mwezi wa kuugonga. Aliyeanzia asasi na kutaka kuingia serikalini akiwa na miaka 32 anakuta ajira zenyewe ni chache na foleni ni ndefu. Njia hiyo ni nyembamba kuliko hii.

Wapo ambao nisingewapa ushauri huo. Mwenye mzigo wa nyumbani usioweza kusubiri, mathalani mzazi anayehitaji kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, achukue mshahara mkubwa na asijilaumu. Aliyesoma sheria na moyo wake uko mahakamani, halmashauri itampotezea miaka. Na anayeishi yeye mwenyewe na ugonjwa anaoutetea, sauti yake ina uzito ambao hakuna dokezo litakaloufikia. Huyo akae nje, aseme.

Akiamua asasi licha ya haya yote, nimemwomba awaulize mambo matatu kabla ya kusaini. Fedha za nafasi hii zinatoka kwa wafadhili wangapi, na mkataba wa mkubwa kuliko wote unaisha lini? Mara ya mwisho mlipodai jambo, lilikuwa lipi, na mlirudi kuangalia kama lilitekelezwa? Na taarifa mlizokusanya mradi ukiisha zinakwenda wapi? Kama hili la tatu hawana jibu, aende nalo yeye: awe na daftari lake, aandike kila kituo, kila namba, kila ahadi na tarehe yake, na nakala aipeleke halmashauri kwa barua yenye kumbukumbu namba, ipigwe muhuri wa kupokelewa, iingie masijala.

Barua ya Sekretarieti inampa siku 14 za kuripoti. Leo ni ya tisa. Ameniuliza huko anakokwenda kuna nyumba za kupanga karibu na ofisi, na kama masika basi linafika.